Mkono Uliong'oa Kucha Zako

Kwa mwanangu Zuhura,

Amani ya Mungu ikae nawe na ikutangulie huko uendako. Nakupa salamu hii kwa kalamu kwa sababu kwa mdomo nitalia kabla sijafika nusu. Kesho asubuhi utakuwa kando ya barabara na sanduku lako, na mimi nitakuwa nimejiziba mdomo kwa ncha ya leso, na hapo hakuna neno la maana litakalotoka. Habari za kula na kulala na kumwamkia shangazi yako kule Kibarani utakapofikia, hizo unazijua kunishinda mimi. Sitaziandika.

Naandika kwa kuwa Mama Kadzo ameniambia. Usimkasirikie, alibeba jambo hili siku mbili likamlemea. Juzi tulipotoka kazini tulifuatana, yeye na mimi, sepeto begani, na tulipofika penye njia ya kwake akasimama. Akasema, "Mama Zuhura, mwana hataki kwenda chuoni. Ataka kungoja mwaka mmoja, ila kwenu hajasema." Nikamwuliza, mwaka wa nini, na barua ya chuo cha uuguzi ilipokuja si alirukaruka uani kama mbuzi mdogo? Akatazama miguu yake. "Asema Rukia ametimiza miaka kumi na mitatu. Asema ameanza kuulizia kucha za kubandika. Asema hamwachi na wewe."

Nilikuwa na mengi ya kusema, kwamba mtoto gani huyu anamsema mamake kwa majirani, na maneno yalikuwa yamefika kooni. Lakini nilijua huna kosa. Wewe ni mtu mzima sasa, una miaka kumi na tisa, unataka kukaa mlangoni kumlinda mdogo wako, na unayemlinda naye ni mimi.

Basi acha nikuandikie siku ile. Hatujawahi kuizungumza mimi na wewe, miaka sita. Tumeizunguka kama watu wanavyozunguka shimo la choo lililofunikwa kwa bati.

Ilikuwa siku ya kungojea mwezi wa Ramadhani uandame. Nilikuwa natoka kwenye mashamba ya chumvi, mgongo umekufa, jua lilikuwa limenila tangu asubuhi. Njiani yule mwanamke wa dukani akaniita, watu wamekaa barazani kwake wanasikia. "Mama Zuhura, harusi lini? Mbona hukutualika? Nimemwona mwali wako hapa, makucha haya, mekundu kama ya bibi harusi." Wakacheka. Mmoja akaongeza, "Mwache, huyo ashaiva." Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, Zuhura. Kifua chako kilikuwa bado cha mtoto.

Nilitoka pale mbio. Na nataka ulijue hili, kwa sababu baadaye niliwaambia watu mengine: sikuwa nimekasirika kwa ajili ya Mungu. Nilikuwa na haya. Haya ilinipanda kichwani kama moto wa makuti. Mungu nilimwingiza baadaye, nilipofika mlangoni, nikatafuta neno la kushika.

Ulikuwa umekaa kwenye mkeka unamsuka Rukia. Nikakwambia nyoosha mikono. Ukaificha nyuma.

"Zuhura, nyoosha mikono."

"Mama, ni za harusi ya kina Mwanasha tu. Kadzo ndiye aliyenibandika."

"Kwa nini?"

"Kwa supaglu."

"Nimeuliza kwa nini, sikuuliza kwa kitu gani. Kesho saumu. Utatawadhaje na mavi haya vidoleni? Maji yatapita wapi?"

Ukanijibu kwa adabu, nakumbuka kila neno. Ukasema, "Nitazitoa leo, mama. Kadzo kasema ukiloweka kwa maji ya moto na sabuni zinalegea zenyewe. Nipe mpaka magharibi."

Uliomba saa mbili tu. Nami nilikwenda kwenye sanduku la vyombo vya lori vya baba yako nikatoa koleo.

Sitaki kuliandika kwa upole lililofuata, kwa sababu wewe hukulipata kwa upole. Nilikubana kifundo cha mkono kwa goti langu juu ya sakafu. Ya kwanza ikatoka na ngozi kidogo. Ya pili ukapiga ukelele. Ya tatu, ya kidole cha shahada, ile gundi ilikuwa imeshikana na ukucha wako mwenyewe, nikavuta, haikutoka, nikazungusha, nikavuta tena, na vyote viwili vikaja pamoja. Niliona nyama. Nikaendelea na cha nne. Mara nyingi nimejiuliza juu ya hicho cha nne, Zuhura. Cha tatu naweza kusema sikujua. Cha nne nilijua.

Uliniuma mkono hapa juu ya kiwiko mpaka meno yakakutana. Alama ninayo. Wenzangu huko chumvini waliniuliza nikasema ni mbwa.

Rukia alikuwa amesimama mlangoni na nusu ya kichwa haijasukwa, ana miaka saba, anapiga kelele ile ya mfululizo isiyo na pumzi. Nikamrushia kikombe cha bati. Kilimpata kwenye nyusi. Damu ikamwingia jichoni naye akanyamaza ghafla, na ule unyamavu wake ulinitia hasira zaidi ya kelele.

Kisha nikafanya jambo ambalo ni mtu wa chumvi tu angelifanya. Unajua sisi tukikatwa na sepeto hatuendi popote, tunachovya kidole kwenye yale maji mazito ya chumvi ya mashambani, kinauma kama kaa la moto, kinakauka, kazi inaendelea. Mikono yetu ilishakufa zamani, inastahimili. Nilikuwa na kopo la maji yale nyumbani. Nikayamimina kwenye beseni nikakutumbukiza mkono wote nikaukandamiza chini. Nilidhani nakutibu. Wallahi hilo nilidhani kweli, hasira ilikuwa inaanza kushuka na nilitaka kurekebisha. Ulitoa sauti ambayo sijaisikia kwa mtu wala mnyama, na miguu yako ikaanza kupigapiga sakafu peke yake.

Mama Kadzo aliingia bila kubisha. Alinikamata nywele kwa nyuma akanivuta mpaka nikaanguka chali, akanipiga kofi, akanipiga la pili. Akasema, "Muache mwana. Muache, utamuua." Mwanamke yule ana nguvu za wanaume wawili na namshukuru Mungu kwa kila kofi. Alikufunga vidole kwa leso yake mpya ya Jumapili, ile yenye maua, ambayo hakuivaa tena.

Mwezi uliandama jioni ile. Watu walikuwa wanapongezana nje. Asubuhi tukaenda zahanati.

Hapa ndipo panaponiuma kuliko koleo. Yule daktari kijana alifungua kitambaa, akatazama, akauliza nini hiki. Nilikuwa nimekaa benchini nawe, nimefunga, mdomo mkavu, na tasbihi mkononi. Wewe hukunitazama. Ukasema, "Nilibanwa na mlango." Akauliza, vidole vinne na ngozi imeungua hivi, mlango gani huo? Ukasema, "Mlango wa bati, nikaosha na chumvi mwenyewe."

Nilikaa na saumu yangu nikamwacha mtoto mwenye maumivu anifichie aibu. Baba yenu aliporudi na lori kutoka Mombasa alikuta neno la mlango lishatengenezwa. Akakata mti akatengeneza kizuizi kwenye ule mlango wetu ili usifunge kwa kishindo, maskini. Kipo mpaka leo. Kila nikipita nakiona.

Na udhu je, ule niliousema? Ulikaa na bendeji mwezi mzima na zaidi. Maji hayakugusa vidole vyako Ramadhani yote. Nilikwenda kwa Bi Maryamu wa madrasa kumwuliza utatawadhaje. Hakuniambia amejua nini, ila Marereni yetu ni ndogo. Akasema, "Hilo lina njia yake. Atapangusa juu ya bendeji na atatayamamu, Mungu ni mwepesi." Kisha akafunga kitabu chake. "Zito ni jingine, Mama Zuhura. Mtoto huyu akinyanyua mikono kuomba dua, na dua ya aliyeonewa haina pazia, atasema nini juu yako?" Nikaondoka sikuaga.

Ukucha wa shahada uliota mnene, umepinda kama ganda la kome. Tunaposali pamoja, ukinyoosha kidole kushuhudia Mungu ni mmoja, mimi macho yangu hukimbilia hapo. Swala zangu nyingi zimeharibikia hapo.

Sasa nikuambie ya kwangu. Si kwa ajili ya kujitetea. Nakuambia kwa sababu utakutana na watu huko, na siku moja Inshallah utakuwa na wako.

Mimi nililelewa na shangazi yangu Malindi, unajua, mama alipokufa. Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipopaka hina ya mkono mzima kwa mara ya kwanza, kwenye harusi ya jirani, wale wapambaji walikuwa na iliyobaki wakaniita. Kwetu msichana hapambwi hivyo mpaka aolewe. Nilirudi nyumbani naitazama mikono yangu njia nzima, naigeuza, ilikuwa mizuri, Zuhura, maua mpaka kwenye kiwiko. Shangazi alinipeleka uani akachukua jiwe lile la kusugulia nyayo, na limau, na mchanga. Alisugua mpaka ikawa huwezi kujua ipi ni hina na ipi ni damu. Alikuwa anasema, "Wataka mume? Wataka mume? Sema." Mimi nilikuwa nataka maua.

Watu husema kipigo hufunza, nami sikatai, kilinifunza. Kilinifunza kuficha. Mwaka uliofuata mtu mmoja mtu mzima alianza kunivizia njia ya shule, ananiita, ananishika mkoba, siku moja akanishika mkono na hakuniachia mpaka nikamkwaruza uso. Sikumwambia mtu. Wa kumwambia alikuwa shangazi, na shangazi alikuwa na jiwe. Nikaacha shule mwenyewe, nikasema kichwa hakishiki masomo, wote wakakubali kwa kuwa ilikuwa rahisi kukubali. Ndiyo sababu mwandiko wangu uko hivi.

Na mimi mwenye hayo mikononi ndiye niliyekwenda kuchukua koleo. Ungedhani mtu aliyesuguliwa kwa jiwe angekumbuka. Nilikumbuka baadaye, usiku, mkono ulipokwisha kazi.

Tangu hapo nawe ulianza kuficha, niliona. Ulipopata damu ya kwanza ulimwambia Mama Kadzo. Matokeo yako ya mtihani niliyasikia kwa Bi Maryamu. Nilikuwa nalipwa kwa sarafu yangu mwenyewe na sikuwa na mahali pa kulalamika.

Wala sikuacha siku ile, wacha tusidanganyane. Ningependa kuandika kwamba niliacha. Mwaka juzi Rukia alipovunja chupa ya chai nilimpiga kwa ndara mpaka ikakatika ukanda, nikamalizia kwa mkono, na wewe ukaja ukasimama katikati, mrefu kunishinda, hukusema neno. Ukaangalia tu. Nikaona umekaza ngumi. Nilikuogopa, Zuhura, na nikaona ni haki.

Kwa hiyo ukisema humwachi na mimi, unasema unachokijua.

Kuhusu kucha zenyewe, utacheka, lakini sijabadilika sana. Bado nasema mtoto wa miaka kumi na mitatu asibandikwe. Ukucha wake bado laini, ile gundi ni ya kubandikia viatu, na udhu ni udhu, hilo sitalilegeza. Na yapo macho ya watu kama wale wa barazani, yanayomwona mtoto yakasema ameiva. Lakini nimefikiri sana juu ya hayo macho. Makosa yalikuwa ya macho yao, na mimi nilikwenda kung'oa vidole vyako. Ningerudi dukani nikamwambia yule mwanamke funga mdomo wako, huyo ni mtoto, ningekuwa mama. Sikuwa na ujasiri wa kugombana na watu wazima. Wewe ulikuwa karibu na ulikuwa mdogo.

Mama Kadzo yeye alimruhusu Kadzo kila likizo, shule zikifungwa azibandike, zikifunguliwa azitoe. Leo Kadzo ana kibanda chake cha mboga Magarini, mumewe mpole, kanisani haachi. Hakuharibika. Mimi nilikuwa namsema mamake kwamba analea vibaya. Siku zile nilikuwa na maneno mengi kuhusu ulezi.

Nimefanya haya, uyajue kabla hujaondoka. Jana nilimwambia baba yenu. Nilimwambia kila kitu, mlango hakuna, ni mimi, kwa koleo lako. Alikuwa anakula. Alinawa mikono taratibu sana, akaniuliza, "Na mtoto alinidanganya miaka yote hii kwa sababu yako?" Nikasema ndiyo. Akatoka akalala ndani ya lori, na asubuhi hakuamkiana nami. Amesema neno moja tu, kwamba nikimgusa Rukia atawachukua wote, na sikubishana. Mama Kadzo nimempa ruhusa mbele ya Rukia mwenyewe: mlango wake uwe wazi kwa huyu mtoto saa yoyote, na akija asiulizwe, na mimi nisimfuate mpaka niitwe. Mama Kadzo akasema, "Nami nikikuona unakuja na sura ile nakuvunja mguu, nisamehe mapema." Nikamwambia nimeshakusamehe.

Nilidhani hayo yatatosha kukuandikia. Lakini leo kumetokea jambo, na wewe ulikuwa umekwenda Malindi kununua viatu vya chuo, hukuona. Nataka ulisikie kwangu.

Baada ya alasiri Rukia ameingia na kucha, zote kumi. Za waridi, ndefu, zina vijiwe. Hakuzificha. Alikuja akasimama mbele yangu nikichambua mchicha, akaweka mikono kiunoni ili nizione. Ni mtoto, lakini alijua anachofanya. Alikuwa ananipima kabla hujaondoka.

Nikasema, "Hapana, Rukia. Zitoke."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya swala, na kwa sababu kucha zako bado changa. Ukiwa mkubwa utaamua."

"Kila mtu anazo."

"Hapana."

Akanitazama usoni. Akasema, "Utazitoa na koleo kama za dada?"

Mkono wangu ulinyanyuka. Sitakuficha. Ulikuwa umefika begani, umefunguka, na damu inanipiga masikioni kama ile siku. Rukia hakukimbia, alifunga macho tu akainua bega kuziba sikio, akangoja. Alijua jinsi ya kungoja kofi. Mimi ndiye niliyemfunza kusimama vile.

Nikatoka. Niliacha mchicha, niliacha mlango wazi, nikaenda mpaka kwa Mama Kadzo nikamwambia nikalishe hapa, usiniruhusu kuondoka. Akanikalisha. Akanipa mihogo nimenye. Nilimenya mpaka mihogo yote ikaisha.

Niliporudi nilichemsha maji nikayapoza, nikatia sabuni na mafuta ya nazi, nikaweka beseni sakafuni katikati ya chumba. Nikaenda kukaa pembe ya pili, mbali. Nikamwambia, "Zitoe mwenyewe. Sina haraka." Akaloweka. Alikuwa analia, ananinung'unikia, ameniita mshamba, ameniita mama mbaya kuliko wote wa Marereni, akapiga beseni teke maji yakamwagika, nikachemsha mengine. Moja ikalegea. Ikaja ya pili. Kila moja ilichukua muda wake, nami nimekalia mikono yangu, kweli kabisa, nimeikalia, imekufa ganzi.

Magharibi ilipoadhiniwa nane zilikuwa zimetoka, ukucha wake chini mzima, mwekundu kidogo tu. Mbili zilikataa. Akaniangalia. Niliona hofu imerudi, kwa sababu ndio wakati wa swala, na anajua mimi na swala. Nikamwambia tawadha hivyo hivyo. Akauliza, "Itakubaliwa?" Nikamwambia sijui, kesho nitamwuliza Bi Maryamu, na kama ni kuilipa utailipa, sasa njoo. Akasimama kulia kwangu. Tulisali, mwanangu, na hakuna aliyeguswa.

Sikuombi unisamehe. Mambo mengine ni yako na Mungu wako, na sitaki uondoke na mzigo wa kunijibu. Naomba uende tu. Usingoje mwaka. Na hilo usilifanye kwa maneno yangu, maneno ya mtu kama mimi si dhamana. Asubuhi, kabla hujabeba sanduku, mshike Rukia mikono umtazame vidole vyote kumi. Zile mbili bado zipo. Zione mwenyewe, kisha uingie garini uende.

Mamako,
Mwanahalima